Boti ya Watu Wawili

Hamoud bin Saleh alipostaafu, wizara nzima ilishusha pumzi. Si kwamba hawakumpenda. Walimpenda sana, ila miaka thelathini na moja ya kupangwa iliwatosha. Hamoud alikuwa mtu wa itifaki. Mgeni akija Maskati kutoka nchi yoyote ile, Hamoud ndiye aliyejua atakalia kiti gani, gari lake litasimama wapi, kahawa itamfikia kwa upande upi, na akichelewa dakika kumi kitu gani kisogezwe na kitu gani kifutwe. Mwenzake akiomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi, Hamoud alimpa pole kwanza, kisha akamuuliza atapita njia gani. Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani, naye akasimama palepale akawaambia itundikwe wapi.

Sasa mtu kama huyo umuweke nyumbani kwake, mtaa wa Hail, hana mgeni wa kupokea wala msafara wa kuusimamia. Mwezi wa kwanza alipanga viatu. Mwezi wa pili alipanga friji, mkewe Nunu akatafuta ndimu siku mbili. Mwezi wa tatu alianza kuliangalia kabati la viungo kwa jicho ambalo Nunu hakulipenda hata kidogo, na ndipo Nunu alipoamua kumpa kazi.

"Baba Aws," alimwambia, "nipangie safari."

Hamoud alikwenda kuchukua kalamu kabla hajauliza safari ya wapi.

Nunu alikuwa mwalimu wa jiografia, naye pia ameshastaafu. Kabla ya kuolewa, serikali ilimpeleka Uingereza kusoma mwaka mmoja, katika mji wa viwanda usiokwisha mvua. Nyuma ya bweni lao ulipita mfereji wa maji, uliochimbwa zamani kwa kupitishia makaa ya mawe, na juu ya mfereji ule zikipita boti ndefu nyembamba zilizopakwa rangi nyekundu na kijani, na maua yamechorwa milangoni. Jioni moja Nunu alisimama darajani akawaona bwana na bibi, watu wazima, wamekaa nyuma ya boti yao. Bwana kashika usukani, bibi anamenya viazi viwili. Hawakuwa wakizungumza.

"Viazi viwili," Nunu alirudia, kama vile hilo ndilo lililomshangaza zaidi Uingereza nzima. "Hawakuwa na mgeni. Hawakuwa wakimngoja mtu. Nkasema na mimi siku moja ntakuja na mume wangu."

Halafu akalitaja lile jambo la fungate. Siku saba za fungate, ambazo bwana harusi na bibi harusi huachwa wakae wenyewe wajuane, wao walizipata tatu tu. Siku ya nne lilikuja gari la wizara asubuhi: ujumbe wa wageni umewasili kabla ya siku yake, na hakuna ajuaye wakae wapi. Hamoud alitoka mbio na kofia mkononi. Alipotoka yeye, wakaingia shangazi watatu kutoka Dubai na mizigo yao, na kwa hisabu ya Nunu, tangu asubuhi ile nyumba haijakaa watu wawili hata siku moja.

"Nnataka wiki yangu," alisema. "Mimi na wewe tu. Asije mtu. Hata Aws asije."

Aws ni mtoto wao wa pekee, mhandisi, yuko Sohar na mkewe, na maskini hakuwa hata ameomba.

"Hatokuja mtu," Hamoud akasema, na wakati akisema hivyo alikuwa mkweli kabisa.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa nzuri. Hamoud alifungua faili lenye vigawanyo vya rangi tano. Alizungumza kwa simu na wale wenye boti huko Uingereza mpaka wakamjua kwa sauti. Akagundua kwamba mwezi wa Julai mfereji ule hujaa watu, na kwamba njiani mna milango ya maji ishirini na moja, ambayo kwa kila mmoja unatoka botini, unaufungua kwa kuzungusha mkono wa chuma, unangoja maji yapande au yashuke, kisha unapita, ikiwa hujakuta boti nane mbele yako. Mtu mwengine angeona hapo pana haja ya subira. Hamoud aliona pana haja ya ratiba. Aliandika kila mlango na dakika zake, kama kwamba Waingereza wataisikia boti yake inakuja wajibanze pembeni kupisha msafara.

"Hapa umeandika nini?" Nunu aliuliza siku moja, kidole juu ya karatasi. "Kustarehe, dakika arubaini?"

"Siku ya pili ni arubaini na tano," Hamoud alimtuliza.

Kisha ikaja siku ya tepu. Boti ya watu wawili, alivyoambiwa, ina mita kumi na mbili kwa urefu na mbili tu kwa upana, na Hamoud hakuwa mtu wa kuingia katika chombo ambacho hajakipima. Alinunua tepu ya kunata, ya bluu, ya wapaka rangi akaichora boti nzima sakafuni. Sebule, kubwa kama ilivyo, ilimalizika kwenye jiko la boti. Choo kikaangukia mlangoni. Chumba cha kulala kikatoka nje, kikateremka ngazi mbili, na kitanda kikafika pale anapoegesha gari. Basi kila siku baada ya sala ya alasiri Hamoud na Nunu walikuwa wakiingia ndani ya tepu na vikombe vyao vya chai, kwa mazoezi. Ukitaka kumpita mwenzio ilibidi ukae ubavu. Nunu alicheka mpaka akamwaga chai, kisha wakakaa kimya, yeye na gazeti lake na Hamoud na faili lake, na Nunu alikuwa na furaha ambayo Hamoud hakuwahi kuiona usoni mwake tangu azaliwe Aws.

Siku ya tatu ya mazoezi alikuja Da Masouda.

Da Masouda ni dada yake Hamoud, amemzidi miaka saba. Yeye ndiye aliyemleta kutoka Unguja, kijana wa miaka kumi na mbili, akamfulia kanzu za skuli na kumpiga kwenzi kichwani kila alipokosea hesabu za kuzidisha. Sasa ni mjane, anakaa mtaa wa tatu kutoka hapo, katika nyumba yenye vyumba vingi na sauti chache. Alikuja na sahani ya visheti imefunikwa kitambaa, na Nunu akaipokea akaingia nayo jikoni.

"Hamoud, nyumba hii mnaibomoa?" Da Masouda aliuliza, akiziangalia zile tepu.

"Hii ni boti, Da Masouda."

"Iko wapi?"

"Hapo ulipo ni chooni."

Da Masouda akaruka pembeni kwa wepesi ambao daktari wake asingeuamini. Hamoud akamueleza yote, mfereji, milango ya maji na maua milangoni. Da Masouda alisikiliza, akasema kumbe ni falaj, kama zile za kunyweshea mitende. Hamoud akasema ni kubwa kuliko falaj.

"Na inakwenda mbio?"

"Mwendo wa mtu kwa miguu."

"Basi si mwende kwa miguu?"

Hapo ndipo lilipotokea, na asiyeijua adabu ya nyumba hizi hatoelewa lilitokeaje. Ukila mbele ya mtu, unamkaribisha. Ukisafiri, unamwambia twende. Yeye anakataa, unashikilia. Anakataa tena, unashikilia tena. Anakushukuru, na kila mmoja anakwenda zake na heshima yake mkononi. Watu wameishi hivi miaka na miaka bila ya mtu yeyote kuletewa mgeni asiyemtaka. Lakini Hamoud alikuwa na ila moja. Hawezi kumuacha mtu akatae mara ya tatu bila ya kuapa. Hivyo ndivyo watu walivyobaki kula kwake miaka yote, waliokuja kuleta barua tu, waliokuja kuulizia njia, na siku moja fundi wa mtambo wa baridi pamoja na shemeji yake aliyekuwa akimngoja garini.

"Twende sote, Da Masouda," alisema Hamoud.

"Aa, nendeni nyie. Mimi mtu mzima."

"Mtu mzima nini? Twende, utapata hewa."

"Ntakusumbueni bure."

"Wallahi utakuja!"

Jikoni, kisu kilichokuwa kikikata kitunguu kilisimama.

Da Masouda si mtu wa kumvunjia ndugu yake kiapo. Macho yalimlegea kwa raha. "Basi umeshaapa," alisema. "Siwezi kukutia dhambini."

Kabla ya magharibi alikuwa ameandika katika kundi la ukoo la Wasap kwamba Hamoud *anatupeleka* Uingereza kwa boti. Watu waliisoma ile *anatupeleka* kwa roho nyeupe, kila mmoja akajiweka ndani. Kheiria wa Dubai aliuliza kama boti ina bwawa la kuogelea. Mwengine aliuliza kama watoto watapata chumba chao. Na Hamoud, badala ya kuizima simu na kuitupa mbali, aliandika "karibuni sana", mara tisa, kwa watu tisa. Ilimtoka tu, kama anayepiga chafya akasema alhamdulillahi.

Baada ya hapo alifanya kitu pekee alichokijua. Alifungua faili jipya. Wenye boti walimwambia wanayo kubwa ya watu kumi na mbili, ya mita ishirini na moja, ila kufikia Alhamisi awajibu anaitaka ipi, ndogo au kubwa, kwa sababu Julai ni msimu na zote zinatakiwa. Hamoud akabandua tepu, akabandika upya. Boti sasa ilitoka nje ya geti, ikavuka njia, na gari la jirani likawa limeegeshwa juu ya kitanda cha Da Masouda.

Nunu alitoka akaja kusimama ukingoni mwa tepu. Hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe.

"Jiko la boti hii linachukua sufuria ngapi kwa mara moja?"

"Nne," Hamoud akasema, akafurahi kwamba jibu analo.

"Na watu kumi na mbili."

"Tutasaidiana."

Nunu alimtazama mume wake, ambaye katika ndoa yao yote alikuwa amepika chai mara mbili, na mara moja kati ya hizo maji hayakuchemka. "Nendeni nyie," alisema kwa upole. "Nendeni kwa salama. Mimi ntakaa hapa, wiki nzima, peke yangu."

Akaingia ndani. Hamoud alibaki njiani na tepu yake, na jirani akampungia mkono kutoka dirishani, naye akampungia. Alimjua Nunu. Nunu hajapata kumtisha mtu katika maisha yake. Akisema atakaa, atakaa, na ataagana nao mlangoni kwa tabasamu na kuwafungia chakula cha ndegeni. Ilikuwa Jumapili. Alikuwa na siku nne.

Jumatatu alijaribu njia ya woga. Alikwenda kwa Da Masouda na picha alizozikusanya, moja mbaya kuliko nyengine, kwa matumaini kwamba atajitoa mwenyewe na hapana mtu atakayelazimika kusema neno baya. Akamuonesha choo.

"Kidogo," Da Masouda alikubali. "Lakini kimo ndani. Unguja tulikuwa tukitoka uani na kandili."

Akamuonesha handaki refu ambalo boti hulipita gizani na matone yanadondoka kichwani. Da Masouda akasema atajifunika. Akamwambia baridi ya kule, hata Julai. Da Masouda akasema amechoka na joto. Mwisho Hamoud alitoa silaha yake kubwa, video ya foleni kwenye mlango wa maji, boti kumi na moja zimebanana, watu wamesimama juu ya ukingo wanangojana, mbwa wanabweka, na mtu mmoja mnene anamfokea mwenziwe.

Da Masouda aliishika ile video kwa mikono miwili, akaiangalia mpaka mwisho, akairudia.

"Watu wengi!" alisema, na uso wake ukawa kama wa msichana. "Alhamdulillahi. Nlikuwa nnahofu tutakuwa peke yetu. Hawa ntawapikia chapati, Hamoud, maskini, wanavyongoja hivi na njaa."

Hamoud alirudi nyumbani akiwa ameongeza mifuko mitatu ya unga katika orodha.

Jumanne alikwenda Matrah kwa Yaqoob. Yaqoob walikaa naye meza moja wizarani miaka kumi na sita. Sasa anasomesha watoto Qurani na ana vitabu vya fikihi mpaka darini. Alimsikiliza Hamoud mpaka mwisho bila ya kumkatiza, isipokuwa pale penye fundi wa mtambo wa baridi na shemeji yake, ambapo alicheka.

"Ulipoapa," aliuliza, "ulikusudia nini?"

"Nlikusudia asikubali."

Yaqoob alifikiri. "Nia hiyo sijaiona kitabuni."

"Kwa hivyo kiapo kimenishika?"

"Unaniuliza mimi? Umelitaja jina la Mungu kwa sauti, mbele ya mtu, na mtu kakuamini. Ningekuwa wewe nisingekubali kulala na wasiwasi. Toa kafara yake: lisha masikini kumi, chakula kile mnachokula nyumbani kwako. Hapo na Mungu umemaliza."

Hamoud alishusha mabega.

"Na Mungu," Yaqoob akakariri. "Da Masouda hana kafara. Kwake uende mwenyewe ukaseme."

Njiani Hamoud alipanga. Watu kumi ni wale vibarua wanaochimba mtaro nyuma ya mtaa wao, ambao mchana hula mkate na chai. Chakula ni wali na kuku. Siku ni Jumatano. Ilibaki jambo moja dogo, na alipofika nyumbani alilitaja kwa Nunu kwa sauti ya kupita njia, kwamba kesho kuna watu kumi wa kulishwa.

Nunu alifunua ukurasa wa gazeti. "Kiapo cha nani?"

"Changu."

"Haya. Vitunguu viko kapuni."

Jumatano baada ya alfajiri Hamoud aliingia jikoni na karatasi. Aliandika: vitunguu, dakika kumi. Saa nzima baadaye alikuwa bado anamenya, kanzu imelowa, na machozi yanamtoka kwa wingi ambao hata mazikoni hakuwahi kuutoa. Mafuta yakamrukia mkononi. Wali wa kwanza ukaungua chini, ukabaki mbichi juu, akaumwaga, akaanza mwengine. Kuku, ambao kwenye karatasi walikuwa wamepangiwa dakika arubaini, hawakuwa wameisoma karatasi. Nunu alikaa sebuleni muda wote. Hakuinuka. Alipoona tu, kupitia mlangoni, Hamoud anainua kopo la pilipili mara ya tatu, alikohoa, na Hamoud akalirudisha.

Adhuhuri alibeba masufuria kwa gari mpaka kwenye mtaro. Vibarua kumi walikaa kivulini wakala. Walimsifu sana, wakainua vidole gumba, wakasema chakula kizuri, kizuri mno. Hamoud aliwashukuru. Alikuwa bingwa wa adabu miaka thelathini na moja, na adabu akiiona huijua.

Aliporudi alikaa kwenye ngazi ya mlango kwa sababu mgongo ulikataa kufika kwenye kiti. Masaa saba. Watu kumi, chakula kimoja, mara moja tu. Akaanza kuwakumbuka waliokula kwake, wale wa barua na wale wa njia, na harusi za watu, na wageni wa Idi wasiojulikana walialikwa na nani, na yeye mwenyewe amesimama getini anaapa, mkono kifuani, anasifiwa ukarimu wake. Hajawahi hata siku moja kugeuka nyuma akatazama jikoni. Aliona haya. Haya zilimpanda mpaka masikioni, na hakuwa na pa kuzipeleka.

"Nunu," aliita. "Mara ngapi?"

Nunu alikuja mlangoni. "Mara ngapi nini?"

"Nimeapa watu wabaki wale."

"Sikuhisabu," Nunu akasema. "Ningehisabu ningeondoka."

Akakaa naye kwenye ngazi. Aliuchukua mkono wake ulioungua akaugeuza, akaupuliza kidogo, bila ya kusema pole.

"Umeshamwambia Da Masouda?"

"Bado."

"Basi hujafanya kitu, Baba Aws. Umepika tu."

Alhamisi alasiri, kabla hajawajibu wenye boti, Hamoud alikuwa sebuleni kwa dada yake. Da Masouda alimfungulia mlango akiwa amevaa buti za mpira za manjano, mpya, zinamfika magotini. Alikuwa akizivaa ndani ya nyumba tangu juzi ili zilainike. Juu ya meza palikuwa na makopo ya viungo yaliyoandikwa majina, na picha zake ndogo za viza, ambazo alimuonesha Hamoud, akasema katika hii ya pili kazeeka, lakini ya kwanza ni nzuri.

Sababu tatu zilimjia Hamoud mdomoni, zote safi. Viza zimechelewa. Boti kubwa imeharibika. Daktari kamkataza msongamano. Alikuwa ameandika barua kama hizo maisha yake yote kwa niaba ya wakubwa, *tunasikitika kwa kutoweza*, na hakuna hata mmoja aliyezipokea akakasirika, kwa sababu hapana mtu ndani yake wa kukasirikiwa. Akazimeza zote tatu.

"Da Masouda," alisema, "nnataka boti ya watu wawili. Mimi na Nunu."

Da Masouda akaiweka picha chini. "Nunu kasema?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi kabisa, na kila mwanamume wa ukoo ule alishaupita angalau mara moja: mke hataki, mke anaumwa, unajua wanawake. Da Masouda angemnunia Nunu mwaka mmoja, kisha yangekwisha. Hamoud aliuona mlango ule, akauacha.

"Nunu alinambia tangu mwanzo, na mimi nikakubali, halafu nikakwambia wewe twende. Nilikwambia kwa adabu. Sikukusudia. Nilikudanganya, Da Masouda, kwa jina la Mungu, na jana nimetoa kafara. Lakini asemaye usije ni mimi. Nnataka kukaa na mke wangu."

Hajapata kusema maneno kama hayo mbele ya dada yake, wala mbele ya mtu yeyote, na shingo ilimuwaka moto kama kijana aliyekamatwa na barua.

Da Masouda alikaa kitini. Alivua buti moja, akapumzika, akavua ya pili, akazisimamisha pamoja vizuri.

"Umeniumiza," alisema.

"Najua."

"Nimeshawaambia watu."

"Ntawaambia mimi."

"Wewe?" Da Masouda akamtazama. "Wewe utawaambia karibuni." Akaitafuta miwani, akaichukua simu, akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kisha akamgeuzia asome: *Safari imebadilika. Ni ya Hamoud na mkewe peke yao. Mwenye neno aje kwangu.* Walikaa wakiisikiliza simu. Hapakuwa na mwenye neno. Hata Kheiria alileta dua tu.

Da Masouda alifuta macho kwa ncha ya mtandio, waziwazi, hakujificha. Halafu akanyooka kitini, kama aliyekumbuka jambo.

"Hamoud. Biriani yangu."

"Ipi?"

"Hii mnayokuja kula hapa kila Ijumaa. Kila Ijumaa mnanambia nzuri. Nzuri?"

Hamoud aliangalia chini. Mkono wake ulikuwa bado unamuwasha. "Chumvi imezidi," alisema. "Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu alipofariki shemeji."

"Miaka sita!" Da Masouda alipiga paja. "Miaka sita mnakula chumvi mnanambia nzuri!" Akaanza kucheka, kicheko kikamshinda, akaegemea nyuma anashika mbavu, na Hamoud akacheka naye kwa woga kwanza, kisha kweli. Wakacheka mpaka wakachoka. Da Masouda hakuwa akicheka tena.

"Na kuja kwenyewe?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Kila Ijumaa. Mnakuja kwa adabu?"

"Hapana, dada. Nnakuja kwa kupenda."

Da Masouda alimuangalia kijana wake huyu wa miaka sitini na mbili, ambaye tangu akiwa mtoto hajapata kumjibu neno lolote isipokuwa ndiyo, na kwa mara ya kwanza akawa na sababu ya kumsadiki.